SOMO LA MWEZI: JIRANI YANGU ANAAMINI NINI?

 

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya kukutana: Kutoka 20:16; Luka 10:25-37; Matendo 17:16-34; 1 Petro 3:15.

UTANGULIZI

Mwezi huu tumeona vema tujifunze juu ya dini za watu tunaoishi nao. Wengi wetu tulitoka katika vijiji ambako kila mtu aliyekuwa jirani alikuwa wa kanisa letu au wa kanisa la ng'ambo ya mto. Hapa mjini si hivyo. Mwenye nyumba tunayopanga Buyenzi ni Mwislamu. Mwenye duka tunakonunua vitenge ni Mhindi. Mama tunayeuza naye ndagala sokoni Ruvumera ni Mkatoliki, na mzee wa nyumba ya tatu bado anamtaja Kiranga. Watoto wanarudi kutoka shule na maswali: Je, Mungu wao ni Mungu wetu? Mbona nao wanamtaja Yesu? Je, ni dhambi kula chakula chao cha Idi?

Mzazi asipokuwa na jibu, mtoto atalipata kwingine, na mara nyingi atapata jibu la chuki. Kwa hiyo shabaha ya somo hili ni mambo mawili. La kwanza, tujue kwa usahihi yale jirani anayoamini. La pili, tuweze kueleza imani yetu wenyewe kwa upole, kama mtume Petro anavyotuagiza.

Amri ya 9 (ambayo ndugu zetu Wakatoliki huihesabu kuwa ya 8) inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Tumezoea kufikiri kwamba amri hiyo ni ya mahakamani tu. Lakini mtu anayesema juu ya dini ya jirani mambo ambayo jirani mwenyewe hayaamini, naye amemshuhudia uongo. Sisi watu wa nchi hizi za Maziwa Makuu tunajua mwisho wa maneno ya namna hiyo. Kabla ya panga huja jina baya. Huko Rwanda mwaka 1994 watu waliitwa mende kwanza, kisha wakauawa.

Mtume Paulo alipofika Athene hakuanza kwa kutukana. Alitembea, akaangalia vitu walivyoabudu, akaona hata madhabahu moja ya mungu wasiyemjua. Ndipo akaanza kusema nao kutokea hapo. Nasi tufuate njia hiyo: kuangalia kwanza, kusema baadaye.

1. IMANI YA WAZEE WETU

Kabla ya misionari yeyote kufika, watu wa Burundi walimjua Imana, muumba wa vyote. Ndiyo maana Biblia ya Kirundi inamwita Mungu kwa jina hilo hilo. Liko ndani ya majina ya watu tunaokutana nao kila siku: Habonimana, Mungu ndiye aonaye, Bizimana, Mungu ndiye ajuaye, Hakizimana, Mungu ndiye aokoaye, Nduwimana, mimi ni wa Mungu. Kwa upande wa Kongo Washi wanasema Nyamuzinda, na Wafuliru wanasema Rurema. Hakuna kabila katika nchi hizi lililongoja meli kutoka Ulaya ili lijue kwamba yuko Muumba.

Basi tofauti iko wapi? Katika imani ya Warundi wa zamani Imana ni mwema lakini yuko mbali. Mambo ya kila siku, kama ugonjwa, mavuno na uzazi, yalipitia kwa wengine. Yako maneno manne ya kujua:

Kiranga ni roho mkuu aliyehesabiwa kuwa mpatanishi kati ya Imana na watu. Ibada yake inaitwa kubandwa.

Mizimu ni roho za wafu wa ukoo, ambazo huweza kulinda au kukasirika.

Mupfumu ni mtu anayeulizwa sababu ya balaa. Tusimchanganye na mtu anayejua dawa za miti, maana huyo mara nyingi ni mtaalamu wa majani tu.

Umuganuro ilikuwa sikukuu ya ufalme, wakati Mwami alipofungua majira ya kupanda mtama. Ngoma takatifu iliyoitwa Karyenda ilikuwa alama ya ufalme. Ngoma za Burundi tunazoziona leo zimetoka katika mapokeo hayo, na UNESCO iliziandika mwaka 2014 kati ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu.

Sisi Wakristo tunaungama kwamba mpatanishi ni mmoja, Yesu Kristo, na kwamba Mungu hayuko mbali. Kwa hiyo hatumwendei mupfumu. Lakini tuangalie sana neno moja: mchawi. Huko Kivu ya Kusini mama wazee wameuawa kwa sababu mtu alisema tu kwamba wanaroga. Kumwita jirani mchawi kwa kuwa mtoto amekufa kwa malaria si imani ya Kikristo. Ni hofu ile ile ya zamani iliyovaa nguo za Jumapili.

2. WAYAHUDI

Tunasoma habari zao kila Jumapili, nao wako hai hata leo. Wanaamini Mungu mmoja aliyefanya agano na Abrahamu na kumpa Musa Torati. Vitabu tunavyoviita Agano la Kale ndivyo Maandiko yao. Mahali pa ibada ni sinagogi, na mwalimu wao ni rabi. Sabato huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi usiku. Jambo kubwa linalotutenganisha ni Masihi: kwao bado hajaja, kwetu ndiye Yesu.

Afrika ya Mashariki nayo ina Wayahudi. Karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Semei Kakungulu, mkuu wa Kiganda, alisoma Biblia na mwaka 1919 akaamua kuishika Torati pamoja na watu wake. Wakati wa Idi Amin dini yao ilikatazwa, lakini hawakuisha.

Wakati wa vita vya dunia vya pili serikali ya Hitler iliwaua Wayahudi kama milioni 6. Wengi wa waliofanya kazi ile walikuwa wamebatizwa. Hilo nalo tulikumbuke tunapofundisha watoto habari za mateso ya Yesu, wasije wakadhani kwamba tunawafundisha kulichukia taifa.

3. WAISLAMU

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu hawa ndio majirani wa wengi wetu.

Walifikaje? Uislamu ulifika pwani ya ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, kutoka Zanzibar na Tabora hadi Ujiji, kisha Rumonge na Uvira. Pamoja nao kikaja Kiswahili. Wabelgiji walipopanga mji wa Usumbura, ambao tangu uhuru wa 1962 unaitwa Bujumbura, Buyenzi ikawa mtaa wa Waswahili, na mpaka leo ni mtaa wa misikiti, Kiswahili, na watu wa makabila mengi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2008, Wakatoliki walikuwa asilimia 62 ya Warundi, Waprotestanti karibu 22, na Waislamu 2.5. Ni wachache nchini, lakini mjini tunaonana nao kila siku.

Neno lenyewe. Uislamu maana yake ni kujisalimisha kwa Mungu. Limetoka katika shina moja na maneno yetu salama, salamu na salimu. Mwislamu ni aliyejisalimisha.

Mwanzo wake. Muhammad alizaliwa Makka karibu mwaka 570. Waislamu wanaamini kwamba tangu mwaka 610 malaika Jibrili alimletea maneno ya Mungu, ambayo ndiyo Kurani, kitabu chenye sura 114. Alikufa Madina mwaka 632.

Kuna jambo hapa ambalo mkimbizi atalielewa upesi. Historia ya Waislamu inasimulia kwamba wafuasi wa kwanza walipoteswa Makka, karibu mwaka 615, baadhi yao walivuka bahari wakakimbilia Habasha, yaani Ethiopia. Mfalme wa huko alikuwa Mkristo. Adui zao wakatuma watu wadai warudishwe. Mfalme akawasikiliza wakimbizi wenyewe, kisha akakataa kuwatoa. Baadaye, mwaka 622, Muhammad na wenzake walihama Makka kwenda Madina. Kuhama huko kunaitwa hijra, na hapo ndipo Waislamu wanapoanza kuhesabu miaka yao. Kalenda yao inaanza mwaka wa kukimbia! Nasi Bwana wetu alipelekwa Misri akiwa mtoto, na wazazi wake wakikimbia upanga wa Herode (Mathayo 2). Tunapoongea na jirani Mwislamu juu ya maisha ya ukimbizi, tunaweza kuanzia hapo.

Nguzo 5 za Uislamu:
a) Shahada: kukiri kwamba hakuna mungu ila Mungu mmoja, na kwamba Muhammad ni mtume wake.
b) Swala: mara 5 kwa siku, yaani alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha.
c) Zaka: sadaka ya lazima kwa maskini. Kwa fedha aliyoiweka mtu mwaka mzima ni 2.5 kwa 100, ikifikia kiwango cha sheria.
d) Saumu: kufunga mwezi wa Ramadhani tangu alfajiri hadi jua kutua.
e) Hija: kwenda Makka mara moja maishani kwa mwenye uwezo.

Mambo 6 wanayoyaamini: Mungu mmoja, malaika, vitabu, mitume, siku ya mwisho, na kadari, yaani kwamba yote hutokea kwa makadirio ya Mungu.

Wasuni na Washia. Waislamu wengi wa Buyenzi ni Wasuni. Washia wanaamini kwamba uongozi baada ya Muhammad ulikuwa haki ya Ali, mkwe wake, na uzao wake. Kati ya wafanyabiashara wenye asili ya Uhindi hapa mjini wako Washia wa namna mbili: Waithnaasharia, wanaowafuata maimamu 12, na Waismailia, ambao imamu wao ni Aga Khan. Aga Khan wa 4 alifariki Februari 2025, na mwanawe Rahim akawa wa 5.

4. MANENO SAWA, MAANA MBILI

Kiswahili chetu cha kanisani kimejaa maneno yaliyopitia Kiarabu. Imani, neema, dhambi, toba, malaika, shetani, nabii, baraka, hata kanisa, msalaba na askofu! Waliotafsiri Biblia waliyakuta maneno katika vinywa vya watu, wakayatumia. Kwa sababu hiyo Mkristo na Mwislamu wa Bujumbura wanaweza kuzungumza saa nzima kwa maneno yale yale na kila mmoja akaelewa jambo lingine. Tujifunze haya machache kwa makini:

Injili. Kwetu ni habari njema ya Yesu, pia vitabu vile 4 vya Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Kwa Mwislamu ni kitabu kimoja ambacho Mungu alimpa Isa, kama vile alivyompa Musa Taurati na Daudi Zaburi. Wengi wao husema vitabu tulivyonavyo vilibadilishwa.

Isa Masihi. Wanamheshimu sana. Wanaamini alizaliwa na bikira Mariamu, alifanya miujiza, na atarudi. Sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina la Mariamu. Lakini hawaamini kwamba ni Mungu, na wengi wao wanaamini hakufa msalabani bali Mungu alimwinua. Kwetu msalaba na ufufuo ndio moyo wa imani. Hapa hatuwezi kusema yote ni sawa, wala wao hawawezi.

Mwana wa Mungu. Mwislamu akisikia neno hili anafikiri tunasema Mungu alimwoa mwanamke akazaa. Hiyo ni kufuru kwake, na ni kufuru kwetu pia! Tumweleze kwamba hatusemi hivyo. Tunasema Neno la Mungu, aliyekuwako tangu mwanzo, alifanyika mwanadamu (Yohana 1).

Utatu. Si miungu mitatu. Wala si Mungu, Mariamu na Yesu, kama wengine wanavyodhani. Ni Mungu mmoja: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kwa Waislamu, Roho Mtakatifu mara nyingi hueleweka kuwa malaika Jibrili.

Mtume. Tukisema mitume tunawaza wale 12 na Paulo. Wao wakisema Mtume bila kutaja jina, ni Muhammad.

Zaka. Katika makanisa yetu mengi ni fungu la kumi linaloletwa kanisani. Kwao ni ile 2.5 kwa 100 ya maskini. Neno moja, hesabu mbili.

Dhambi. Sisi tunafundisha kwamba tangu Adamu wanadamu wote wako chini ya dhambi na wanahitaji Mwokozi. Wao wanafundisha kwamba Adamu alitubu akasamehewa, na kila mtoto huzaliwa safi. Ndiyo maana swali la Mwislamu si "Nani ataniokoa?" bali "Njia iliyonyooka ni ipi?"

Jihadi. Ni neno linaloogopwa, lakini lina shina moja na maneno tunayoyatumia bila hofu: juhudi na jitihada. Maana yake ni kujitahidi katika njia ya Mungu. Waislamu hulitumia kwa mapambano ya mtu na nafsi yake, na pia kwa vita vyenye masharti yake. Wako wanaoua kwa kulitumia neno hilo, na watu wa Beni wameteswa sana na kundi la ADF. Lakini mzee wa Buyenzi anayefungua duka lake la sukari asubuhi si ADF, kama vile shemasi wetu si Lord's Resistance Army iliyojiita jeshi la Bwana kule Uganda.

5. WAHINDI, KALASINGA NA WABUDHA

Hapa Bujumbura neno Mhindi linatumika kwa kila mwenye duka mwenye asili ya Asia. Lakini Mhindi ni mtu wa nchi. Anaweza kuwa Mwislamu, Mkristo, au mtu wa dini ya Uhindu.

Uhindu hauna mwanzilishi mmoja. Maandiko yake ya kale yanaitwa Veda. Wengi wanaamini kwamba nyuma ya miungu wengi kuna ukweli mmoja wa milele, Brahman. Dharma ni wajibu wa mtu na mwenendo wake mwema. Karma ni sheria kwamba kila tendo huzaa matunda yake. Samsara ni mzunguko wa kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Moksha ni kufunguliwa kutoka mzunguko huo. Wengi hawali nyama, na ng'ombe wanamheshimu. Basi ukimkaribisha Mhindu nyumbani, mpikie maharage na usione ametudharau kwa kuikataa nyama.

Kalasinga wanajulikana kwa vilemba na ndevu zao. Wengine wetu tuliwaona kati ya askari wa Umoja wa Mataifa huko Goma. Dini yao ilianzishwa na Guru Nanak (1469-1539) huko Punjab. Wanaamini Mungu mmoja, na kitabu chao kitakatifu ni Guru Granth Sahib. Katika hekalu lao kuna jiko ambako tajiri na maskini wa dini zote hukaa chini na kula chakula kimoja.

Wabudha ni wachache sana kwetu. Askari wa Thailand waliokuwa hapa katika ujumbe wa amani wa ONUB, kati ya 2004 na 2006, wametoka katika nchi ya Wabudha. Siddhartha Gautama aliishi India zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, akaitwa Budha, yaani aliyeamka. Alifundisha kweli 4: maisha yana mateso, mateso yana chanzo, ambacho ni tamaa, mateso yanaweza kukoma, na iko njia ya kuyakomesha, yenye hatua 8. Nirvana ni kuzimika kwa moto wa tamaa. Budha hakujiita Mungu. Sisi pia tunajua mateso, lakini tumaini letu si kuzimika kwa tamaa. Ni Mungu mwenyewe kukaa pamoja nasi na kuyafuta machozi (Ufunuo 21).

6. JE, DINI YA MTU INAONYESHA ATAKALOFANYA?

Wapendwa, hapa tuseme wazi, kwa sababu tumeona kwa macho.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, zaidi ya wakimbizi 150 kutoka Kongo waliuawa katika kambi ya Gatumba, karibu na mpaka. Waliosalimika walieleza kwamba washambuliaji walikuja wakiimba nyimbo za dini. Kule Rwanda, Aprili 1994, watu waliokimbilia makanisa ya Nyamata na Ntarama waliuawa ndani ya kuta zake, na wengi wa wauaji walikuwa Wakristo. Wakati huo huo Waislamu wengi wa Rwanda waliwaficha jirani zao.

Tena tukumbuke Buta, ambayo wakati ule ilikuwa mkoani Bururi. Tarehe 30 Aprili 1997 wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Wakatoliki wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa. Wakauawa 40. Wao walikuwa Wakatoliki, na wengi wetu si Wakatoliki; lakini nani kati yetu atasema hawakuijua Injili?

Katika Luka 10, kuhani na Mlawi walikuwa na mafundisho sahihi kuhusu mahali pa kuabudu. Msamaria alikuwa na makosa hapo (Yohana 4). Yesu hakusema kwamba mafundisho ya Msamaria yalikuwa sahihi. Alisema kwamba yeye ndiye aliyekuwa jirani. Tuyashike yote mawili: kweli ya Yesu hatuiachi, na jirani hatumpimi kwa jina la dini yake.

7. MAMBO YA KILA SIKU

Nyama. Tunaweza kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu? Soma 1 Wakorintho 10:25-31. Paulo anawaruhusu Wakristo kula kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza. Basi kula kwa shukrani. Na asiyeweza kwa dhamiri yake asilazimishwe. Jambo hili si dogo. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, Tanzania, mchungaji mmoja aliuawa katika ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja. Ufalme wa Mungu si nyama.

Idi. Hapa Burundi Idi ni sikukuu ya taifa. Jirani akikuletea pilau, pokea na useme asante. Hujasilimu kwa kula wali. Noeli ikija, nawe umpelekee sahani, lakini usiweke nyama ya nguruwe wala pombe, maana kwake ni haramu.

Mwezi wa Ramadhani. Mfundishe mtoto asile mbele ya mwenzake anayefunga kwa kumchokoza.

Msiba. Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku ile ile. Maiti huoshwa, huvikwa sanda nyeupe, na kwa kawaida wanaume ndio wanaokwenda kaburini. Nenda ukasimame na wafiwa. Huhitaji kusema maneno usiyoyaamini. Pole na kimya vinatosha.

Ndoa. Hapa wazazi wasinyamaze. Kwa sheria ya Kiislamu mwanamume Mwislamu anaweza kumwoa Mkristo, lakini mwanamke Mwislamu haruhusiwi kuolewa na asiye Mwislamu, na watoto huhesabiwa Waislamu. Binti anayesema "tutapatana baadaye" ajue hayo kabla ya mahari. Kanisa linafundisha kuoana katika Bwana (1 Wakorintho 7:39). Mwambie mapema, na bila kumtukana kijana wa watu.

Msaada. Njaa ni nzito, hasa tangu wengine wetu walipovuka Rusizi mwaka 2025 bila kitu. Mtu akikupa unga ili ubadili dini, huo ni ununuzi wa roho. Basi na sisi tusiufanye! Mgeni Mwislamu akija kwetu na njaa, ale kwanza. Akiuliza juu ya tumaini letu, tumjibu. Asipouliza, amekula.

HITIMISHO

Kuijua dini ya jirani hakuipunguzi imani yetu. Mtu asiyejua kwa nini anamwamini Yesu ndiye anayeogopa maswali. Tusome, tuulize, tusikilize, na tukisema, tuseme yaliyo kweli, juu ya Bwana wetu na juu ya jirani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA FAMILIA NA VIKUNDI

1. Taja jambo moja ulilosikia juu ya dini ya jirani. Je, yeye mwenyewe angekubali kwamba ndivyo anavyoamini?
2. Mtoto akiuliza "Yesu na Isa ni mmoja?" utamjibuje? Taja mambo 2 yanayofanana na 2 yanayotofautiana.
3. Kwa nini vijana wa Buta walikataa kutengana? Ni nini leo kinachotutenga sisi kwa sisi hapa mjini?
4. Ni nani jirani aliyekusaidia tangu ulipokimbia, naye si wa kanisa lako? Umemshukuru?
5. Tafuta maneno 5 ya Kiarabu katika wimbo unaoupenda wa kanisani.

TUOMBE

Tuwaombee majirani zetu wote kwa majina yao. Tuwaombee waliofiwa Gatumba, ambao bado wanangoja haki. Tuombe amani ya Burundi na Kongo. Tuwaombee watoto wetu, wakue wakiipenda kweli bila kumchukia mtu.

Mungu awabariki, na awalinde ninyi na nyumba zenu.